Tulidhani ni digrii mbili kwa nauli moja

Barua ile ilipofika nyumbani kwa kaka yangu mtaani Buru Buru, ilisomwa mara tatu. Mara ya kwanza aliisoma binti yake, ambaye ndiye aliyeandikiwa. Mara ya pili aliisoma kaka kwa sauti, amesimama wima, miwani imeteremka hadi puani. Mara ya tatu ilisomwa na jirani aliyekuwa amekuja kuazima jeki ya gari. Wote watatu waliziona herufi zile zile mbili: MA. Chuo Kikuu cha St Andrews, huko Uskoti, kilikuwa kimempa msichana wetu nafasi ya kusomea Historia kwa miaka minne, na mwishowe atunukiwe MA.

"MA si ndiyo masters?" jirani akauliza.

"Ndiyo hiyo hiyo," kaka akajibu, kifua kimemjaa.

Wakala mmoja wa mjini aliyekuwa akituandalia makaratasi naye akakoleza. Alisema kwamba huko Uskoti shahada ya kwanza na ya uzamili huunganishwa zikawa kitu kimoja. Nani angembishia? Barua ilikuwa mezani, na herufi zilionekana kwa macho.

Hesabu ya kaka ilikuwa hivi. Hapa Kenya mtu husoma miaka minne apate shahada ya kwanza, kisha miwili zaidi ya uzamili. Jumla ni sita. Binti atayamaliza yote kwa miaka minne, arudi, aajiriwe kufundisha chuoni, asaidie kulipa mkopo. Naam, mkopo ulikuwapo. Ufadhili ulilipia sehemu kubwa ya karo, lakini sehemu iliyobaki, chumba na chakula vilikuwa juu yetu. Na karo ya mwanafunzi wa kigeni huko si mchezo: ni zaidi ya pauni 20,000 kwa mwaka. Kaka akakopa katika chama chake cha akiba na mikopo. Wadhamini watatu wakatia sahihi. Mmoja wao ni mimi.

Ndiyo sababu nilipoombwa nimsindikize binti, sikukataa. Mdhamini ana haki ya kukiona anachokidhamini.

MJI ALIOSOMA MWALIMU

Tulifika Edinburgh mwanzoni mwa Septemba. Stesheni ya Waverley iko bondeni, na ukitoka nje unajikuta katikati ya miji miwili. Upande mmoja kuna Mji Mkongwe, wenye majumba marefu ya mawe yaliyofanywa meusi na moshi wa karne nyingi. Upande wa pili kuna Mji Mpya, ambao licha ya jina lake ulianza kujengwa katika karne ya 18. Juu ya mwamba imekaa ngome, kama kuku aliyeatamia mayai. Upepo nao hauna adabu. Ulinivua kilemba mara mbili kabla hatujavuka barabara.

Saa saba kamili mchana mzinga ukalia. Mimi mtoto wa Nairobi nilijikunyata nyuma ya kituo cha basi, mkoba kifuani. Wenyeji hawakupepesa hata jicho. Baadaye niliambiwa kwamba mzinga huo hupigwa kila siku isipokuwa Jumapili, tangu mwaka wa 1861, na kazi yake ilikuwa kuwasaidia mabaharia kurekebisha saa zao.

Kwa kuwa treni yetu ya kwenda St Andrews ilikuwa ya kesho yake, tulizunguka. Katika barabara kuu ya Mji Mkongwe tuliona sanamu ya David Hume, mwanafalsafa ambaye enzi zake alifahamika sana pia kwa vitabu vyake vya historia ya Uingereza. Kidole chake cha mguu kinang'aa kama dhahabu, maana wanafunzi hukisugua wapate bahati. Binti alikisugua. Mimi pia nilikisugua, kwa ajili ya mkopo.

Tukashuka hadi Chuo Kikuu cha Edinburgh, ambacho hati yake ilitolewa mwaka wa 1582. Idara ya historia inakaa katika jengo lililopewa jina la William Robertson, mwanahistoria aliyekuwa mkuu wa chuo hicho kuanzia 1762 hadi 1793. Lakini mimi sikuwa nimemfuata Robertson. Nilikuwa nimemfuata mwalimu wa jirani zetu, Julius Kambarage Nyerere.

Nyerere alifika hapa mwaka wa 1949, akiwa tayari amepata diploma ya ualimu Makerere na kufundisha Tabora. Masomo aliyoyachukua yanafaa kuangaliwa vizuri. Yalikuwamo fasihi ya Kiingereza, uchumi, elimu ya jamii za watu, historia ya Uingereza, historia ya uchumi, sheria za katiba na falsafa ya maadili. Mwaka wa 1952 alitunukiwa MA, akarudi Tanganyika, akafundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam. Mengine sote tunayajua.

Nikiwa nimesimama pale uani, nilianza kuhesabu kwa vidole. 1949 hadi 1952 ni miaka mitatu. MA kwa miaka mitatu? Na kama ni uzamili, mbona masomo yenyewe ni mengi hivyo, kama ya mtu anayeanza? Nililimeza swali hilo, lakini halikushuka vizuri.

MJI WA MAWE NA BAHARI

Asubuhi tulipanda treni ya kuelekea kaskazini. Baada ya muda mfupi ilivuka ghuba ya Forth juu ya daraja la chuma jekundu lililofunguliwa mwaka wa 1890. Lina urefu wa karibu kilomita mbili na nusu. Binti alipiga picha mpaka simu ikaishiwa na chaji.

St Andrews haina stesheni yake. Unashuka Leuchars, kisha unapanda basi kwa mwendo mfupi. Mji wenyewe ni mdogo sana. Una barabara kuu tatu tu, na zote huelekea kwenye magofu ya kanisa kubwa lililowekwa wakfu mwaka wa 1318 na kuvamiwa na kuporwa mwaka wa 1559, wakati wa vurugu za Matengenezo ya dini. Mbele ya magofu ni bahari, ya rangi ya sufuria iliyochakaa. Wachezaji gofu wanautambua mji huu kama nyumbani kwa mchezo wao. Wanafunzi wanautambua kwa jambo jingine: hapa ndipo kilipo chuo kikuu kikongwe kuliko vyote Uskoti, kilichopata hati yake ya Papa mwaka wa 1413.

Mila za hapa zingemfurahisha nyanya yangu. Wanafunzi wana majoho mekundu ya sufu. Kila mgeni wa mwaka wa kwanza hupata "wazazi" miongoni mwa wanafunzi waliomtangulia, wamwelekeze na kumlea. Binti yetu alipata mama wa miaka ishirini na mmoja, na nikatakiwa nimwamkie kama wifi yangu.

Nje ya kanisa la St Salvator, chini kwenye mawe ya njia, kuna herufi mbili: PH. Ni za Patrick Hamilton, kijana aliyechomwa moto mahali hapo mwaka wa 1528 kwa sababu ya imani yake. Wanafunzi huamini kwamba anayezikanyaga herufi hizo ataanguka mtihani. Dawa yake ni kujitosa katika bahari ile ya barafu alfajiri ya tarehe 1 Mei. Niliwaona vijana waliovaa vizuri, wenye haraka zao, wakizikwepa kama watu wanaokwepa shimo la maji taka.

Basi nikamwambia binti, "Sisi pia tuna herufi mbili zetu. Twende tukaziulize."

JIBU LA MAMA WA OFISINI

Ofisini tulipokewa na mama mmoja mpole mwenye nywele nyeupe. Nilimweleza kwa Kiingereza changu bora kwamba tunataka kujua ni mwaka gani hasa shahada ya kwanza inapoishia na uzamili unapoanzia.

Aliniangalia kwa huruma. Bila shaka hatukuwa wa kwanza kumwuliza.

"Hakuna mahali pa kuanzia uzamili," alisema. "MA hii ni shahada ya kwanza."

Binti alinishika mkono. Mama yule akatuvutia viti, akachukua karatasi na kutuchorea. Katika vyuo vikuu vikongwe vya Uskoti, yaani St Andrews, Glasgow, Aberdeen na Edinburgh, shahada ya kwanza ya masomo ya sanaa huitwa Master of Arts. Ile ya Honours huchukua miaka minne na huwa na krediti 480. Miaka miwili ya kwanza mwanafunzi husoma kwa upana, akichanganya historia na masomo mengine. Miaka miwili ya mwisho huingia kwa kina katika historia yenyewe, na kumalizia kwa tasnifu inayotokana na utafiti wake. Akitaka uzamili wa kweli, huomba upya, hulipa upya na kusoma mwaka mzima mwingine wenye krediti 180. Hapo St Andrews huo huitwa MLitt. Edinburgh huuita MSc, hata kama unachosoma ni historia tupu.

"Sasa kwa nini mkaiita Master?" nilimwuliza, sauti imepanda kidogo.

Akatabasamu. "Hiyo nayo ni historia."

Na kweli ni historia. Katika vyuo vya Ulaya ya zama za kati, kilele cha masomo ya sanaa kilikuwa kuitwa "master", maana yake mtu aliyefuzu na kupewa ruhusa ya kufundisha wengine. Kuitwa "bachelor" kulikuwa kituo cha njiani tu. Uingereza ikakifanya kile kituo cha njiani kuwa shahada kamili, ikaiita BA. Uskoti ikakiacha kituo hicho kife, na kufikia karne ya 19 MA pekee ndiyo iliyobaki kuwa shahada ya kwanza ya sanaa. Nao Oxford na Cambridge wana kioja chao: mwenye BA yao, miaka kadhaa ikipita, hupewa MA bila kufanya mtihani wowote. Herufi ni zile zile mbili, lakini kila nyumba inazipa maana yake.

Nikamkumbuka Nyerere na miaka yake mitatu. Alichukua shahada ya kawaida, ile isiyo ya Honours, na ndiyo maana masomo yake yalikuwa mapana vile. Swali lililonikwama tangu jana likashuka.

PROFESA OGOT ALIPITA HAPA

Tulitoka nje tumenyamaza. Binti alikaa juu ya ukuta mfupi, akajikunja. "Shangazi, baba atasema nini? Amekopa kwa sababu ya masters."

Sikuwa na jibu la haraka. Lakini nilikuwa na hadithi ya mtu mmoja, nikamsimulia.

Katika miaka ya 1950 kijana mmoja kutoka Gem, huko Siaya, aliyekuwa amepitia Makerere, alikuja kusoma historia katika mji huu huu wa upepo. Jina lake ni Bethwell Allan Ogot. Alipata MA yake hapa, shahada ya kwanza kama hii ya kwako. Hakuichukua herufi zake akaenda kuzitundika ukutani. Alikwenda Chuo Kikuu cha London akafanya uzamifu, akaandika historia ya Waluo wa kusini kwa kutumia masimulizi ya wazee, wakati ambapo wanahistoria wengi walitilia shaka habari ambazo hazikuandikwa. Kitabu chake kilichapishwa mwaka wa 1967. Aliongoza idara ya historia katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akahariri juzuu ya tano ya Historia Kuu ya Afrika iliyotolewa na UNESCO, akawa chansela wa Chuo Kikuu cha Moi. Alifariki Januari 2025, akiwa na umri wa miaka 95.

"Kwa hivyo MA ya hapa ilimtosha," binti akasema.

"Ilimtosha kuanzia," nikamjibu. "Hakuidhania kuwa mwisho."

ILE INAYOUNGANISHWA KWELI

Jioni hiyo tulikunywa chai katika mkahawa mmoja wa Market Street. Yule "mama" wa miaka ishirini na mmoja alikuja na mwenzake, msichana Mmarekani. Aliposikia kisa chetu alicheka, kisha akaomba radhi. Alisema kwao kuna mpango ambao kweli huunganisha BA na MA ya historia, na dada yake yumo.

Akatueleza. Mwanafunzi haingii tu kwa sababu amefika chuoni. Huomba akiwa mwaka wa tatu, na alama zake lazima ziwe nzuri. Katika mwaka wa nne huanza kukaa darasani pamoja na wanafunzi wa uzamili, akisoma vitabu vingi kila wiki na kuandika kazi za utafiti. Baadhi ya kozi hizo huhesabiwa pande zote mbili, kwenye BA na kwenye MA. Kisha huongeza mwaka mmoja. Hivyo humaliza kwa miaka mitano badala ya sita, na hupata vyeti viwili.

"Na kasoro?" nilimwuliza. Mdhamini lazima aulize kasoro.

Kasoro zipo, alisema. Mwaka wa nne huwa mzito, maana unaandika tasnifu ya shahada ya kwanza huku wenzako wa uzamili wakikuvuta mbele. Ufadhili wa shahada ya kwanza mara nyingi hukoma cheti cha kwanza kikitoka, na mwaka wa tano unajitafutia. Tena mtu hukaa chuo kimoja, chini ya walimu wale wale, ilhali mwanahistoria hunufaika akibishana na watu wapya.

Nikaelewa kosa letu lilikuwa wapi. Mpango wa kuunganisha digrii si hadithi ya kubuni, upo. Lakini hata pale ulipo, hakuna kazi inayofutwa. Kinachopungua ni kurudiarudia na muda wa kungoja. Kazi ya uzamili hubaki pale pale, inakungoja.

SIMU NYUMBANI

Usiku nilimpigia kaka. Kwanza nilimsimulia habari za mzinga, akacheka. Kisha nikamweleza yote. Kimya chake kilikuwa kirefu hata nikadhani laini imekatika.

"Kwa hivyo tumedanganywa?" aliuliza hatimaye.

"Wakala alitudanganya, au naye hakujua. Barua haikutudanganya. Iliandika miaka minne, ikaandika Honours. Sisi tuliona herufi mbili tukaacha kusoma."

"Na mkopo?"

"Mkopo upo, na sahihi yangu ipo. Hesabu ndiyo iliyobadilika. Baada ya miaka minne atakuwa na shahada moja, nzuri. Uzamili ni fungu jingine. Anaweza kuusoma Nairobi akifanya kazi, au atafute ufadhili wa ule mwaka mmoja wa huku. Lakini usitarajie aajiriwe mhadhiri siku atakayoshuka ndege."

Akanyamaza tena. Kisha akaomba aongee na binti yake. Mimi nilitoka nje kwenye kibaraza. Sijui walisemezana nini, ila niliporudi binti alikuwa amejifuta machozi na anaandika tarehe za malipo kwenye daftari, mwaka kwa mwaka, hadi mwaka wa sita.

KABLA YA KUONDOKA

Siku yangu ya mwisho niliitumia Edinburgh, peke yangu, katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti iliyo kwenye barabara ya George IV Bridge. Huko zimehifadhiwa barua nyingi za David Livingstone, pamoja na makaratasi ya misheni za Kanisa la Uskoti, zikiwamo habari za Thogoto na Tumutumu. Fikiria, msomaji: Thogoto, mwendo wa matatu moja kutoka katikati ya Nairobi, na barua za wamisionari wake ziko huku kwenye baridi. Nani atakayezisoma na kuziuliza maswali yetu, kama si vijana wetu? Na kazi hiyo haifanywi na mtu aliyeharakishwa. Inahitaji ile miaka miwili ya upana ili ajue la kuuliza, miwili ya kina ili ajue pa kutafuta, na uzamili juu yake ili aweze kusimama na kubishana.

Kwa mzazi ambaye sasa hivi ameshika barua kama ile yetu, nina maswali manne ya kumwazima. Shahada hii ni ya ngazi gani, ya kwanza au ya uzamili? Je, ni cheti kimoja au viwili? Kama ni viwili, mtoto anaingia moja kwa moja au ataomba tena akiwa katikati, na ufadhili unafika hadi mwaka gani? Na hapa nyumbani, taasisi za serikali zinazolinganisha vyeti vya nje zitakihesabu kuwa nini? Majibu yaombe chuo chenyewe, kwa maandishi. Usimwulize wakala peke yake, wala jirani aliyekuja kuazima jeki.

Binti alikuwa amenisindikiza hadi kituo cha basi St Andrews. Tulipita mbele ya kanisa lile, naye akazunguka zile herufi za PH kwa uangalifu, akinivuta mkono nisizikanyage.

"Wewe Shangazi hufanyi mtihani," alisema, "lakini umetia sahihi."